Kipande cha Kweli Chaweza Kusema Uongo

Wazee husema: Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Maana yake ni kwamba mtu hufurahia kilicho kipya hata kama hakimfai. Lakini katika nchi za Ulaya na Marekani wako watu ambao mioyo yao imeelekea upande wa pili. Hao hawatamani motakaa mpya. Waitamani ya kale, wala si ile iliyopakwa rangi upya ikang'aa kama sahani, bali ile ambayo tangu siku ilipotoka kiwandani haikufanywa upya. Rangi yake imefifia na kupasuka; mlango umechujuka mahali pale ambapo mkono wa dereva ulizoea kushika; kitambaa cha viti kimechakaa; na bado mwenyewe hakubali fundi aiguse. Ukimwuliza sababu, atakujibu kwamba kitu chaweza kufanywa upya mara nyingi, lakini kuwa vile kilivyotoka mikononi mwa waliokiunda ni mara moja tu. Hali hiyo ikiisha kupotea, hairudi.

Jibu hili si la upuuzi. Motakaa ya namna hiyo ni shahidi. Yatuonyesha jinsi rangi ilivyopakwa siku zile, mahali gani fundi alifanya haraka, parafujo gani zilitumika, na alama gani za chaki ziliandikwa na wafanya kazi upande wa ndani ambao mnunuzi hakutazamiwa kuuona. Mafundi wanaozifanya upya motakaa nyingine huja kuitazama hii, wajifunze kwayo. Basi akiharibu ushahidi wake, mwenye motakaa hajidhuru nafsi yake peke yake. Awapotosha na wengine wengi, hata watakaozaliwa baadaye.

Lakini chuma huchoka, na kioo huvunjika. Itafika siku kipande kimoja kitakufa, na siku hiyo ndiyo siku ya swali letu. Kipande gani kitiwe badala yake, hata motakaa ibaki ya kweli?

Tuseme mtu amerithi Ford Model T ya mwaka 1914. Motakaa za jina hilo zilitengenezwa tangu mwaka 1908 hata 1927, na jumla yake ilipita milioni 15. Ile ya 1914 ina taa mbili kubwa za karabai mbele, na taa ndogo za mafuta kando ya kioo cha mbele. Tuseme tena kwamba taa moja ndogo imeanguka njiani, nayo imepondwa na gurudumu. Mwenyewe ana njia nne mbele yake. Ya kwanza ni kuitengeneza taa ile ile, ainyooshe bati yake na kutia kioo kingine. Ya pili ni kutafuta taa iliyotolewa katika motakaa nyingine ya mwaka ule. Ya tatu ni kutafuta taa iliyofanywa zamani zile lakini haikupata kutumika, iliyosahauliwa sandukuni katika ghala ya duka. Ya nne ni kununua taa mpya iliyoigwa na mafundi wa siku hizi, maana viko viwanda vidogo ambavyo kazi yake ni kuiga vipande vya Ford za zamani.

Vipande hivi vya badala, ambavyo mafundi huviita spea, vina masoko yake. Katika mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, wapenzi wa motakaa za kale walianza kukutana mwaka 1955, na mkutano wao wa mwezi wa Oktoba umekuwa soko kubwa mno. Huko Uingereza, soko la Beaulieu lilianza mwaka 1967. Mgeni apitaye hapo huona watu wazima wameinama juu ya meza zilizojaa chuma chenye kutu, wakisoma namba ndogo kwa miwani, nao wana furaha kama watu waliookota lulu. Mtu wetu naye, akiisha kutafuta sana, apata taa halisi ya mwaka 1914. Aifunga mahali pake na kusema, "Sasa motakaa yangu ni kamili, wala haina kitu cha uongo." Je, asema kweli?

Swali la kubadili vipande ni la kale kuliko motakaa. Mwandishi wa Kiyunani Plutarch asimulia kwamba watu wa Athene waliihifadhi kwa muda mrefu merikebu ya shujaa Theseus, yenye makasia 30. Ubao ukioza, waliuondoa wakatia mwingine ulio mzima. Wenye hekima wakagawanyika: hawa walisema ni merikebu ile ile, na wale walisema siyo. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza fumbo jingine. Akauliza: kama mtu angaliziokota zile mbao kuukuu moja moja, akaziunga tena kwa utaratibu wake, je, merikebu ya Theseus ingalikuwa ipi kati ya hizo mbili? Hata mtoto aweza kuuliza vivyo hivyo juu ya jembe la babu yake lililobadilishwa mpini mara tatu na bamba mara mbili.

Motakaa imeongeza ugumu katika fumbo hili. Ubao wa merikebu ulichongwa ufae merikebu moja, na hapo kwanza vipande vya motakaa vilikuwa hivyo hivyo: fundi alikipiga tupa kila kipande mpaka kikaingia mahali pake, wala hakikuingia pengine. Lakini mwaka 1908 palifanyika jambo la ajabu huko Brooklands, Uingereza. Cadillac tatu zilizotoka Marekani zilifunguliwa zote, vipande vyake vikachanganywa katika chungu moja, na vingine vikaondolewa, vikatiwa vipya kutoka akiba ya duka. Kisha mafundi wakaziunda motakaa tatu kutoka katika mchanganyiko ule, bila ya kuchonga wala kusugua vipande ili vikubaliane, nazo zikakimbizwa maili 500. Zikafaulu, na kiwanda kikapewa tuzo ya Dewar.

Tazama maana ya jambo lile. Siku ile ilidhihirika kwamba kipande cha motakaa hakina kwao. Chaweza kukaa katika motakaa hii au ile, nazo zitakwenda sawa. Ford naye alijenga kazi yake yote juu ya msingi huo. Basi mtu asemaye, "Taa hii ni ya kweli kwa sababu ilifanywa mwaka 1914 katika kiwanda kile kile," asema neno ambalo waundaji wenyewe wangelikubali upesi. Kwao taa zote za mfano mmoja zilikuwa sawa. Ikiwa ndivyo, mbona tumsumbue mtu wetu?

Kabla ya kumjibu, na tusikilize hukumu iliyotolewa London mwaka 1990. Ilihusu Bentley iitwayo Old Number One. Motakaa hiyo ilishinda mashindano ya Le Mans mara mbili mfululizo: mwaka 1929 mikononi mwa Woolf Barnato na Henry Birkin, na mwaka 1930 mikononi mwa Barnato pamoja na Glen Kidston. Baadaye ilibadilishwa mara kwa mara kwa ajili ya mashindano mengine, ikatiwa injini kubwa zaidi, na mwaka 1932 ilipata ajali huko Brooklands iliyomwua dereva wake. Kisha iliundwa tena, ikapewa bodi ya namna nyingine. Miaka mingi ikapita. Mwenyewe akapatana na wanunuzi kwa paundi milioni 10, lakini wanunuzi wakakataa kulipa, wakisema kwamba hii siyo motakaa iliyoshinda, kwa maana karibu kila kipande chake kimebadilika. Shauri likaenda mahakamani. Jaji Otton akaamua kwamba haiwezekani kusema kuwa iko kama ilivyokuwa mwanzo, lakini ni Old Number One yenyewe. Maisha yake hayakukatika. Ilibadilika hatua kwa hatua, wala haikuvunjwa ikatupwa, wala hapakuwa na motakaa nyingine iliyoweza kudai jina lile.

Hukumu hii yatufaa sana, kwa sababu imetenga mambo mawili ambayo sisi huyachanganya. Jambo la kwanza ni udumifu: kitu kubaki kile kile, chenye jina lake na habari zake. Jambo la pili ni ushahidi: kitu kuwa na uwezo wa kutuambia mambo ya siku zake za kwanza. Udumifu waweza kuvumilia mabadiliko mengi. Mto hubadili maji yake kila saa, nao ni mto ule ule. Na shule ya zamani huitwa kwa jina lake ingawa waalimu na wanafunzi wake wa kwanza wameondoka wote. Lakini ushahidi hauna uvumilivu huo. Kila kipande kiondolewacho huchukua neno moja la ushahidi, na neno lile halirejei. Bentley ile ilikuwa bado ni yenyewe. Lakini kama ungaliiuliza juu ya siku za Le Mans, ingalikuwa na maneno machache ya kukujibu.

Sasa twaweza kumrudia mtu wetu na taa yake. Hakuna anayemwambia kwamba Ford yake imekoma kuwa Ford ile aliyoirithi. Taa moja haiwezi kuivunja nasaba ya motakaa. Tena taa yake ni halisi. Ilifanywa mwaka 1914 kama asemavyo. Lakini ikifungwa pale, na mwenyewe akinyamaza, itasema nini kwa watazamaji? Itasema, "Mimi nilitoka kiwandani pamoja na motakaa hii. Kutu hii tuliipata pamoja. Mkwaruzo huu ni wa njia tuliyopita sote wawili." Na maneno hayo si kweli. Taa ile ilipita njia nyingine, katika motakaa nyingine. Imekuwa kama shahidi mwaminifu aliyeletwa mahakamani kutoa ushahidi juu ya jambo ambalo hakuliona. Yeye mwenyewe si mwongo, bali ushahidi wake ni wa uongo.

Hili ndilo neno nitakalo kulisema katika makala hii: kipande cha kweli chaweza kusema uongo. Na kinyume chake ni kweli vile vile. Taa mpya iliyoigwa, ambayo fundi wake amegonga mwaka aliouifanya upande wa ndani, haimdanganyi mtu. Yasema waziwazi, "Mimi ni mgeni hapa, nimekuja kuziba pengo." Kwa hiyo uhalisi wautafutao watu wale haumo katika bati peke yake. Umo katika upatano kati ya kitu na maneno yasemwayo juu yake.

Tukilishika neno hili, twaweza kuyapima matendo mengi ya biashara ile. Wako watu waufutao chuma cha injini namba yake wakagonga nyingine, ili injini ionekane kuwa ni ile ile iliyozaliwa na motakaa. Wako waitiao spea mpya maji makali ili ipate kutu kwa siku mbili, ifanane na jirani zake waliopata kutu kwa miaka 80. Watu hawa mara nyingine hujitetea kwamba hawamdhuru mtu, kwa kuwa motakaa yaenda vizuri na macho yameridhika. Lakini mnunuzi halipi fedha nyingi ili macho yake yaridhike. Alipa kwa sababu aliambiwa kwamba kitu hiki kilikuwapo. Mwenye kuiga kutu ameiba kitu kisichoweza kushikwa kwa mkono, nacho ni imani ya watu kwa mashahidi wa zamani. Akiisha kugunduliwa mmoja, wote watashukiwa, hata wale wa kweli.

Liko na jambo jingine ambalo watafutaji wa spea halisi hawapendi kulitazama. Taa ile ya mwaka 1914 ilitoka wapi? Ikiwa ilikuwa sandukuni tangu zamani, hapana neno. Lakini ikiwa ilitolewa katika motakaa nyingine, basi motakaa hiyo imepunguzwa ili hii ikamilike. Ikiwa ile nyingine ilikwisha kufa, imebaki mifupa tu katika nyasi, twaweza kusema kwamba vipande vyake vimeokolewa. Lakini hutokea kwamba motakaa iliyoweza kuhifadhiwa yafunguliwa na kuuzwa kipande kwa kipande, kwa sababu vipande vikitengana vyaleta fedha zaidi. Hapo mpenzi wa ukweli amelipa ili shahidi mmoja anyamazishwe na mwingine apambwe. Ni wajibu wake kuuliza kipande kimetoka wapi kabla ya kuuliza bei yake.

Na jambo la tatu ni kubwa kupita yote mawili. Mpira wa gurudumu ukikaa miaka mingi hukauka na kupasuka, hata kama haukutembea. Breki huchakaa. Mtu aweza kuipenda mipira ya kwanza ya motakaa yake kwa kuwa ni ushahidi, na kwa kweli ni ushahidi; lakini akitoka nayo barabarani, pana watoto wavukao njia ambao hawakuulizwa kama wanakubali kuhatirishwa kwa ajili ya mambo ya kale. Hapa sioni shaka. Heshima ya kitu haiwezi kuipita roho ya mtu. Atie mipira mipya, na ile ya zamani aiweke ndani ya nyumba pamoja na karatasi inayoeleza ilitoka gurudumu lipi; ama aiache motakaa isimame, iwe ya kutazamwa tu.

Wenye kuhifadhi majengo ya kale waliyafikiri mambo haya kabla ya wenye motakaa. Mwaka 1964 walikutana Venice, wakaandika hati isemayo kwamba sehemu mpya ijazayo pengo katika jengo la kale ipatane na jengo zima, lakini iweze kutambulikana mbali na ile ya asili, ili isiipotoshe historia. Chama cha mataifa cha motakaa za kale, kiitwacho FIVA, kiliufuata mfano huo mwaka 2012 katika hati ya Turin. Hati hiyo yasisitiza kuhifadhi kuliko kufanya upya, na yataka vipande vilivyobadilishwa vitiwe alama ya kudumu iliyo rahisi kuonekana, na kazi yote iandikwe. Ndivyo watu wa fani mbili, wa mawe na wa chuma, walivyofika mahali pamoja.

Huenda msomaji akanipinga kwa neno la nguvu. Atasema, "Kama alama na daftari vyatosha, basi kila kitu kimeruhusiwa. Mtu atabadili taa leo, kesho mlango, kesho kutwa injini, kila mara akiandika kwa uaminifu. Na mwisho atakuwa na daftari la kweli na motakaa isiyo na kipande cha asili hata kimoja." Neno hili ni sawa, nami silikatai. Ukweli wa maneno si ruhusa ya uharibifu. Mwenye kuungama kila siku kwamba amekata mti mmoja wa mwitu, mwisho hana mwitu. Kwa hiyo kabla ya daftari iko subira. Njia ya kwanza kati ya zile nne ndiyo bora: kiponye kile kile kilichovunjika, hata ikiwa dosari itaonekana. Taa iliyopondwa ikanyooshwa ina kovu, na kovu lile ni sehemu ya habari zake, kama kovu la mtu. Tena yenyewe haina haja ya kuandikiwa ilikotoka. Isipoponyeka kabisa, ndipo itafutwe nyingine. Na ya zamani, hata ikiwa imekuwa bamba lisilo na umbo, isitupwe. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.

Mtu wetu basi angelifanyaje? Kwa maoni yangu, angeliipeleka taa yake kwanza kwa fundi wa bati mwenye mikono mizuri. Kama fundi angelishindwa, hapana kosa kuifunga ile taa ya mwaka 1914 aliyoipata sokoni, maadamu ameuliza asili yake, ametia alama ndogo upande wa ndani, na ameandika katika daftari la motakaa: tarehe fulani, taa ya kushoto ilivunjika, hii ilitoka mahali fulani. Na mtazamaji akisema, "Je, taa hizi ndizo zilizotoka nayo kiwandani?" amjibu bila ya kusitasita, "Ya kulia ndiyo. Ya kushoto ni mgeni." Jibu hilo litampunguzia fedha siku ya kuuza. Hapo ndipo ukweli wake utakapopimwa, maana kusema kweli isiyogharimu kitu ni kazi ya kila mtu.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo kwa ajili ya chuma? Kwa sababu motakaa ile si yake peke yake. Aliyeiendesha kwanza amekwisha kufa, na atakayeiendesha mwisho hajazaliwa. Yeye ameshika amana katikati yao. Wale waliokufa hawawezi kumshitaki akigeuza habari zao, na wale wasiozaliwa hawawezi kumwuliza. Ulinzi wao wote umo katika uaminifu wa mtu mmoja, usiku, akiwa peke yake na nyundo na mihuri ya kugongea namba.

Ndugu msomaji, huenda huna motakaa ya mwaka 1914, wala huitamani. Lakini kila mmoja wetu ameshika kitu kilichotoka kwa waliomtangulia: hadithi ya ukoo, daftari la kijiji, hesabu za chama, au jina la mzazi. Siku yaja ambapo kipande chake kitapotea, nawe utaona pengo. Utashawishiwa kulijaza kwa kitu kinachofanana, cha zamani zile zile, hata watu wasitambue. Kijaze ukipenda, maana si mapengo yote yafaa kuachwa wazi. Lakini utie alama yako upande wa ndani, na atakayekuuliza umwambie.